Bia ya baba katika toroli yangu

Zamani mtu akitaka kujua yanayoliwa katika nyumba ya jirani yake, ilimbidi achungulie jikoni. Siku hizi anaweza tu kusimama nyuma ya jirani huyo katika foleni ya supamaketi Jumamosi adhuhuri. Unga, mafuta ya kupikia, sabuni na dawa ya mende, vyote vimelala wazi katika toroli. Katika duka la mtaani mambo ni tofauti. Huko mwenye duka anakujua, nawe ukitaka chupa ya bia anakufungia katika gazeti kuukuu, unaitia kapuni chini ya sukuma wiki na kwenda zako kama mtu aliyenunua mafuta ya taa.

Nimeanza na jambo hili kwa sababu mimi ni mwanamke, mama wa watoto watatu, na sijawahi kuonja pombe maishani mwangu. Hata hivyo, kila Jumamosi bia nne hutoka katika duka kubwa mjini Nakuru zikiwa ndani ya toroli yangu, na sizifichi. Bia hizo ni za babangu. Ningependa kueleza ni kwa nini, kwani najua wapo wasomaji wengi wanaoishi na mzee nyumbani na ambao wana tatizo kama nililokuwa nalo, ila wanalinyamazia kwa sababu ya haya.

Babangu alizaliwa mwaka wa 1941. Aliajiriwa na shirika la reli mwaka wa 1962, wakati lilipokuwa bado la Afrika Mashariki. Lilipovunjika mwaka wa 1977 aliendelea na reli ya Kenya hadi alipostaafu akiwa na umri wa miaka 55. Ni mtu wa ratiba. Kwa miaka yote ambayo mamangu alikuwa hai, alikula chakula cha jioni kwa saa yake, akasikiliza taarifa ya habari katika redio, kisha akafungua bia moja na kuinywa polepole. Hatukuwahi kumwona akiyumba.

Vijana wa leo huenda wasielewe chupa hiyo ilikuwa na maana gani kwa watu wa rika lake. Enzi za ukoloni kulikuwa na sheria zilizomzuia Mwafrika kunywa bia ya Wazungu. Jijini Nairobi, kwa mfano, baraza la mji lilijenga ukumbi wa pombe huko Pumwani ambako Waafrika waliuziwa pombe yao ya kienyeji, na faida ikaenda kwa baraza. Kwa hivyo kijana wa reli alipopokea mshahara wake na kuweka chupa ya bia mezani bila ya kumwomba mtu ruhusa, hakuwa akikata kiu tu. Alikuwa akijiona mtu kamili.

Mamangu aliaga dunia mwaka wa 2017, na mwaka uliofuata babangu alihamia kwangu. Mimi nina duka dogo la vitambaa na hulifunga saa moja usiku. Watoto wangu wawili wakubwa wako vyuoni, na Njoroge, kitinda mimba, hurudi kutoka shuleni jioni akiwa na rundo la kazi za ziada. Mzee alishinda peke yake na redio. Ikifika saa kumi na moja jioni alichukua bakora yake na kuondoka, ati kunyoosha miguu.

Kumbe miguu ilikuwa ikinyooshewa kwa mama mmoja nyuma ya mtaa wetu, aliyeuza kwa kikombe kitu ambacho hakuna aliyejua kilivyopikwa. Baa za mjini, alinieleza baadaye, zilikuwa ghali, na muziki wake ulimtoboa masikio. Kule kwa kikombe palikuwa na wazee wenzake wa kuzungumza nao.

Usiku mmoja wa Juni 2019 hakurudi. Tulimtafuta hadi saa saba. Alfajiri mchuuzi wa maziwa aliyekuwa akipita kwa baiskeli alimkuta katika mtaro, koti limevuliwa, simu na pesa zimechukuliwa, na mfupa wa bega umevunjika. Hospitalini daktari alimuuliza anakunywa kiasi gani. Akajibu, "Kidogo."

"Kidogo cha nini, mzee?" daktari akauliza tena. Babangu hakuwa na jibu, kwa sababu hata yeye hakujua alichokuwa akinywa.

Sote tulielewa uzito wa swali hilo. Mnamo Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini kwa siku chache, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwa sehemu zilizopata pigo, na wengine walipoteza uwezo wa kuona. Methanoli haina rangi, na harufu yake inaweza kumdanganya mnywaji kuwa ni pombe ya kawaida. Mzee anayekunywa kwa kikombe gizani hana namna ya kujua.

Ndugu zangu wawili walikuja kutoka Nairobi na tukakaa kikao. Mkubwa wetu alikuwa tayari amekata shauri. Mzee apelekwe shambani, awekwe chini ya kijana wa kazi, na pesa zake za uzeeni ziwe zikipitia kwa mmoja wetu ili asipate hata senti ya kununua pombe. Babangu alisikiliza yote, mkono ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Kisha akasema, "Nimewasomesha nyote kwa mshahara wa reli. Leo mnanifunga jela bila hakimu."

Akanigeukia. Kwa desturi yetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, na ndiyo sababu babangu huniita Mama. "Mama," akasema, "nawe wasemaje?"

Nikawaambia ndugu zangu kuwa mzee atakaa kwangu, na kuwa sitamnyima bia. Nilichotaka ni mambo matatu. Asinywe chochote hadi amalize dawa za maumivu, kama daktari alivyoagiza. Baada ya hapo anywe tu kitu kilicho na jina na kiasi chake kimeandikwa, na asizidishe chupa nne kwa wiki. Tatu, asinywe kabla ya kula. Ndugu yangu mkubwa alicheka kwa hasira, akaniuliza ni nani atakayekuwa akimpeleka mzee baa. Nikamjibu kwamba hatutakwenda baa, tutakwenda dukani.

Watu wa Nakuru tunayajua maduka makubwa. Uchumi, lililoanzishwa mwaka wa 1975, lilitufundisha Wakenya kujichukulia vitu wenyewe rafuni, lakini baadhi ya majina makubwa yaliyofuata yalichipuka huku kwetu. Nakumatt lilipata jina lake kutokana na duka la magodoro la hapa mjini, Nakuru Mattresses. Naivas lilianza mwaka wa 1990 kama duka dogo huko Rongai, si mbali na hapa. Mengine yameinuka na kuanguka. Nakumatt lilizama katika madeni na mwaka wa 2020 likazikwa kabisa. Lakini tabia ya kwenda na familia nzima kununua bidhaa za wiki, na kula huko huko, imebaki.

Duka tunalokwenda lina sehemu ya chakula kilichopikwa, ikiwa na kabati refu la kioo na meza pembeni. Siku ya kwanza babangu alisimama mbele ya kabati hilo kama mkaguzi wa reli. Palikuwa na pilau, chapati, ndengu, maharagwe, matumbo, kuku wa kukaanga na wa kuchemsha, ugali, sukuma wiki, mukimo na viazi vya kila namna. Baadhi ya vyakula huuzwa kwa uzani. Msichana anajaza chombo, anakiweka juu ya mizani, na karatasi yenye bei inatoka. Babangu aliangalia nyama ikipimwa pamoja na mchuzi wake, akagonga kioo kwa kidole.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "nitilie nyama. Maji ninayo nyumbani."

Msichana alicheka hadi akashika mdomo, akamwaga mchuzi na kuongeza pande moja. Tangu siku hiyo anamjua. Akimwona tu huchota mukimo laini kutoka katikati ya chombo, mahali ambapo haujakauka, kwa kuwa mzee hana meno mengi. Njoroge huchukua chipsi na soseji. Mimi hupenda ugali na matumbo. Mlo wetu sote watatu hugharimu takriban Sh1,200, na katika hoteli nyingi za mjini pesa hizo zingetosha watu wawili tu, tena bila ya kinywaji.

Naomba msomaji asiudharau mlo huo. Tangu mamangu afariki, babangu alikuwa akila kama ndege. Nilikuwa nikimwachia chakula katika chombo cha kuhifadhi joto, nami nikirudi nakikuta kimeguswa kidogo tu. Mezani pale dukani, watu wakipita na toroli na watoto wakililia biskuti, alimaliza sahani na kuomba chapati. Akaanza kusimulia. Alimweleza Njoroge jinsi Kenya Breweries ilivyoanzishwa mwaka wa 1922, na jinsi mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, alivyouawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo sababu bia ya Tusker ina picha ya tembo. Kijana ambaye nyumbani hatoi macho katika simu aliweka uma chini akasikiliza. Hapo nikaelewa kuwa kilichokuwa kikimtoa mzee nyumbani kila jioni hakikuwa kiu peke yake. Alikuwa akiikimbia meza isiyo na mtu.

Baada ya kula tunakwenda kununua vitu vya wiki, na bia huwa za mwisho. Sehemu ya vileo imetengwa na sehemu nyingine, na mlangoni pana onyo kwamba walio chini ya umri wa miaka 18 hawaruhusiwi. Hayo yanatokana na sheria ya mwaka wa 2010 ambayo wengi wetu tuliiita sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha aliyeupeleka mswada wake bungeni. Wakati huo Njoroge alikuwa na umri wa miaka 15. Yeye hubaki nje akilinda maziwa na mayai. Ameniuliza mara moja kwa nini Guka, yaani babu yake, anaingia naye hawezi. Nikamwambia kuwa Guka amekwisha lea watoto wake.

Huko ndani mzee ana msimamo wake. Bia ya mkebe haitaki, anasema ina ladha ya bati. Bia ya friji haitaki pia, anasema baridi ni ya kuficha ladha. Anataka chupa ya kahawia ya nusu lita, isiyo baridi, ile ambayo unarudisha tupu ndipo upate nyingine bila ya kulipia chupa. Kwa hivyo kila Jumamosi hutoka nyumbani na chupa nne tupu katika kiondo. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, sisi wa vyondo hatukuwa na la kulalamikia, lakini kiondo chenye chupa hakina siri. Kinalia njia nzima, na mtaa wote unajua nilichobeba.

Nyumbani mzee mwenyewe ndiye mwenye hesabu. Katika kalenda ya ukutani huweka alama ya msalaba siku anayokunywa. Misalaba ni minne kwa wiki, na akipata wageni ikaisha mapema, anasubiri Jumamosi. Katika miezi sita ya kwanza aliongezeka uzani, na yule mama wa kikombe hakumwona tena.

Kisha likaja janga la korona. Mnamo Machi 2020 baa zilifungwa, na wazee wakashauriwa wakae nyumbani. Meza za dukani ziliondolewa. Ikanibidi niwe nikienda peke yangu, uso nusu nimeuziba kwa barakoa, na kiondo changu kikilia kama kawaida. Babangu alipokuwa kando yangu, kila mtu aliona bia na kuona mwenye bia. Sasa walichoona ni mwanamke peke yake anayetoka upande wa vileo na chupa nne.

Mimi ni mwanachama wa kundi la akina mama kumi na wanane ambao huchanga pesa kila mwezi, na kwa miaka mitano nilikuwa mweka hazina. Mikutano iliporejea mwezi wa Oktoba mwaka huo, mwenyekiti alikohoa, akasema kuna jambo limeletwa mbele yake.

"Mama Njoroge," akasema, "kuna watu wamekuona supamaketi. Si mara moja, si mbili. Hatusemi wewe ni mlevi. Lakini pesa zetu ziko mikononi mwako, na watu wana midomo."

Nikawaeleza yote, toka mtaro hadi kalenda. Wengine waliinama. Mmoja akasema, "Hata kama ni za mzee, si mwanamume angetumwa?" Nikamuuliza ni mwanamume gani, maana mume wangu alituacha zamani na Njoroge ni mtoto. Mwingine akanishauri, kwa nia njema kabisa, niwe nikinunua kwa duka la mtaani ambako zitafungwa katika gazeti. Hakuna aliyepinga kununua. Walichopinga ni kuonekana.

Mwishoni walipiga kura, nami nikakabidhi daftari. Lilikuwa halina dosari hata ya shilingi moja, na walikiri hivyo, lakini waliliweka mikononi mwa mtu mwingine. Sitadanganya kuwa halikuniuma. Nililia njiani.

Sikutaka babangu ajue, lakini katika mtaa wetu habari huenda kwa kasi kuliko matatu. Jioni ya pili alinisubiri mezani. Redio ilikuwa imezimwa.

"Mama," akasema, "acha hizi chupa. Nitakuwa nikienda kule kwa wazee wenzangu, kikombe kimoja tu. Jina lako ni la mamangu. Sitaki lichafuliwe kwa ajili ya tumbo langu."

"Baba," nikamjibu, "mfupa wako umepona vibaya, hauwezi hata kuinua koti. Ukianguka mtaroni tena, hilo jina nitalitumia kwa mazishi. Jumamosi tutakwenda dukani."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakukubali wala hakukataa.

Jumamosi hiyo aliamka mapema. Alivaa suti yake ya kijivu na tai ya kazini, akapaka viatu rangi, akajifunga barakoa. Kiondo alikibeba yeye kwa mkono mzima. Dukani alinunua bia zake, akazipanga katika toroli na kuisukuma mwenyewe hadi kwenye foleni. Mbele yetu alikuwepo mmoja wa akina mama wa kundi letu. Babangu alimsalimu kwa heshima, akamuuliza hali ya watoto na ya mumewe, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kutangaza treni, "Hizi nne ni zangu, mama. Binti yangu ananisindikiza tu." Akamlipa keshia kwa pesa zake za uzeeni, akapokea risiti, akaikunja na kuitia mfukoni.

Kundi halikunirudishia daftari, nami sijaliomba. Lakini miezi michache baadaye mwanachama mmoja alinijia dukani kwangu jioni, akajifanya anatafuta kitambaa cha pazia. Baba mkwe wake alikuwa akirudi nyumbani usiku akiwa amelowa matope. Alitaka kujua tulianzaje. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi.

Simshauri mtu yeyote kuanza kunywa pombe. Hata chupa zenyewe zimeandikwa kuwa kuzidisha ni hatari kwa afya, na daktari wa babangu angefurahi zaidi kama misalaba ile katika kalenda ingekuwa miwili. Wapo wazee ambao pombe imewatawala kiasi kwamba chupa nne haziwezi kuwa nne, na hao wanahitaji matibabu, si toroli. Mzee mwenye kisukari au maradhi ya ini ana masharti mengine. Muulizeni daktari, na mzee awepo aulizwe yeye mwenyewe.

Ninachosema ni kuhusu mzee mwenye akili timamu aliye na chupa yake ya miaka mingi. Ukimnyang'anya pesa zake kama mtoto, ataitafuta gizani, na gizani hakuna lebo wala risiti. Ukimpa bila ya kula naye, umempa nusu tu. Afadhali umshike mkono mchana kweupe, mle pamoja, achague mwenyewe na alipe mwenyewe. Watakaosema watasema. Mdomo wa mtu si mfuko kwamba utaufunga kwa kamba.

Sasa mzee ametimiza miaka themanini na kitu, bakora imekuwa mbili, na meza za dukani zilirudishwa kitambo. Njoroge amepita umri wa miaka 18 na anaweza kuingia upande ule uliotengwa. Nilidhani angekimbilia huko. Yeye huingia, anamshikia Guka kiondo, anamsomea bei kwa sababu macho ya mzee yamefifia, kisha anatoka na kujinunulia soda.